Kufuga Sisimizi Mrukaji (Harpegnathos): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kila mara mtu anapopata malkia wa *Harpegnathos*. Wafugaji wengi wana *Harpegnathos venator*, lakini tafiti nyingi zimefanywa kwa ndugu yake, *Harpegnathos saltator*. Jibu linalomhusu mmoja tu kati yao tumelitaja kwa jina. Kama malkia wako amefika leo na bado yumo kwenye neli ya safari, ruka moja kwa moja hadi swali la 7. Mengine utayasoma akishatulia.

## Kumfahamu

1. Huyu ni sisimizi wa aina gani?

Ni mwindaji wa Asia ya kitropiki. Ana urefu wa sentimita moja na nusu hivi, macho makubwa yaliyosogea mbele ya kichwa, na mataya marefu membamba yaliyopinda kwenda juu kama pembe za ng'ombe. *H. saltator* ni wa India na Sri Lanka. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1851. *H. venator*, aliyeelezwa mwaka 1858, anaenea hadi kusini mwa China na Asia ya Kusini-Mashariki.

Msahau sisimizi wa jikoni anayefuata mstari. Huyu hutoka mchana, peke yake, anatumia macho, na akipata windo halibebi na wenzake. Haitani, hapangi foleni. Karibu kila kosa la mfugaji mgeni linatokana na kumtendea kama sisimizi wa mstari: kumpa nafasi finyu, kumpa chakula kilichokwisha kufa siku nyingi, au kudhani kwamba wakifa watatu hakuna neno kwa kuwa wapo wengi. Hawapo wengi.

2. Ni kweli anaruka?

Kweli. Hujirusha kwa miguu ya kati na ya nyuma kwa pamoja. Akiogopa anaweza kuruka sentimita 10 na zaidi. Akiwinda huruka hatua fupi tu ya mwisho, ananasa windo kwa mataya na kulichoma mwiba papo hapo. Kwenye kizimba utaona kwanza kichwa kikigeuka kumfuata nyenje, kisha mwili unatulia tuli, halafu basi, nyenje yuko mdomoni. Ile hatua ya katikati ni ya kasi kuliko jicho.

3. Anamfaa mtu anayeanza?

Hapana. Anza na sisimizi anayekula mbegu au anayejilisha kwa utomvu mtamu, ukae naye mwaka mzima, ujue unyevu ni nini na ukungu unaanzia wapi. *Harpegnathos* hakusamehe wiki mbili za uzembe. Malkia wake hajifungii akaishi kwa akiba ya mwili kama malkia wa spishi nyingi wanavyofanya. Huwinda mwenyewe tangu siku ya kwanza. Ukimsahau, anakufa njaa huku mayai yake yako hapo hapo.

Uadimu wake kwa wafugaji unaanzia hapo. Makundi ni madogo, hukua polepole, na malkia wengi hufa katika miezi ya mwanzo mikononi mwa watu waliowanunua kwa sababu ya video ya sekunde kumi.

4. Kundi linafika wangapi, na wanaishi muda gani?

Hesabu kwa makumi. Kundi la *H. saltator* porini huwa na wafanyakazi sitini hivi kwa wastani, mengine pungufu, mengine zaidi ya mia. Kizimbani, mwaka wa kwanza shukuru ukiwa na zaidi ya kumi. Mfanyakazi wa kawaida wa *H. saltator* huishi miezi saba hivi, kwa hiyo vifo vya mmoja mmoja kwenye kundi lenye mwaka si dalili ya ugonjwa.

5. Mwiba wake ni hatari?

Unauma, na unauma kweli. Kwa mtu mzima mwenye afya, maumivu na uvimbe hupungua bila matibabu. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi. Hatari ni mzio. Mtu akianza kuvimba midomo au uso, kupata shida ya kupumua, kizunguzungu au vipele mwili mzima baada ya kudungwa, apelekwe hospitali mara moja, usisubiri uone itakuwaje. Aliyewahi kupatwa na mzio mkali wa nyuki au nyigu asifuge sisimizi huyu.

Usimshike kwa mkono hata kwa picha. Mfunike kwa gilasi ndogo, pitisha kadi ngumu chini yake, mhamishe. Kibano kitumike kwa chakula na takataka. Ukimbana mguu, umemvunja.

6. Sheria zinasemaje?

Kila nchi ina zake, na mara nyingi kuna mambo mawili tofauti: ruhusa ya kumtoa alikotoka na ruhusa ya kumwingiza unakoishi. India, kwa mfano, ina Sheria ya Bayoanuwai ya mwaka 2002, ambayo haimruhusu mgeni kuchukua viumbe vya huko bila idhini. Sisimizi hawamo kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini), na wauzaji hupenda kulisema hilo kana kwamba linamaliza mjadala. Halimalizi: sheria za wanyamapori, za karantini ya mimea na za viumbe vamizi bado zinamhusu. Muulize muuzaji karatasi kabla ya kulipa. Asiyekuwa nazo, achana naye.

## Makazi

7. Malkia amefika leo. Nifanye nini?

Usimtoe kwa haraka. Weka neli aliyokuja nayo mahali pa giza, nyuzi joto 24 hadi 26, kwa saa mbili au tatu. Kisha fungua neli hiyo *ndani* ya kizimba chake kipya na umwache atoke mwenyewe. Kumgongagonga ili adondoke ni kosa. Malkia aliyedondoshwa hupoteza mayai aliyokuwa ameyashika mdomoni, na anaweza kukaa wiki nzima bila kutulia.

Kizimba cha kuanzia kiwe kidogo: boksi la plastiki la sentimita 15 kwa 10, lenye chumba kimoja cha giza (jinsi ya kukitengeneza iko swali la 8). Usiku huo wa kwanza mpe nyenje mdogo mmoja aliyeuawa muda huo huo. Asipomla, mtoe asubuhi na ujaribu tena baada ya siku mbili. Baada ya hapo usifunue chumba kwa siku saba. Siku saba maana yake si siku tatu na kuchungulia kidogo.

8. Kiota cha plasta kinatengenezwaje?

Maabara zinazofuga *H. saltator* hutumia boksi la plastiki lenye sakafu ya plasta na shimo la kiota lililofunikwa kioo. Kwa mfugaji wa nyumbani pia ndicho kiota bora, na hakihitaji ufundi mwingi.

Tumia plasta ya jasi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu wala rangi. Changanya vikombe viwili vya plasta kwa kikombe kimoja cha maji, ukimwaga plasta kwenye maji na si maji kwenye plasta. Finyanga udongo wa mfinyanzi umbo la chumba: sentimita 4 kwa 5, kimo milimita 10, kingo zimezungushwa. Ubandike chini ya boksi dogo, mwagia plasta, ligongegonge boksi kwa vidole ili mapovu yapande. Baada ya saa moja toa plasta, ng'oa udongo, piga msasa upande wa kioo. Chonga mlango wa milimita 8 hadi 10.

Iache ikauke siku tatu kabla ya kuitumia. Plasta mbichi hutoa unyevu bila mpangilio, na unyevu huo hutapakaa kwenye kioo. Ikishakauka, inyweshe maji kwa bomba la sindano kutoka upande mmoja tu, mililita 5 hadi 10, mpaka theluthi mbili za sakafu zibadilike rangi. Theluthi iliyobaki iwe kavu. Sisimizi wenyewe watachagua: mayai kwenye unyevu, vifukofuko kwenye ukavu.

Usifanye chumba kikubwa. Chumba chenye nafasi mara kumi ya kundi hugeuka jaa la miguu ya nyenje, na ukungu unafuata. Ongeza chumba wafanyakazi wakifika kumi na tano hivi.

9. Kwa nini mnasisitiza udongo, kama kiota ni cha plasta?

Kwa ajili ya mabuu. Buu aliyekomaa husuka kifukofuko, na ili asuke anahitaji vipande vidogo vya kushikiza nyuzi zake. Wafanyakazi, au malkia akiwa peke yake, humfukia kwa chembechembe. Akishajifunga humfukua na kumsafisha. Pasipo chembechembe hujizungusha bila kushika kitu, anachoka, anakufa.

Kijiko kimoja cha mezani cha udongo laini uliochanganywa na unga wa makumbi ya nazi kinatosha kwa miezi kadhaa. Uoke nyuzi 100 kwa nusu saa, upoe, uloweshe kidogo, uweke karibu na mlango wa kiota, si ndani. Watauchukua wenyewe siku wakiuhitaji.

Kuna kitu kizuri kinachofuata. Vifukofuko vikifunguliwa hawavitupi vyote, porini *H. saltator* huchanachana maganda hayo na kubandika kuta za chumba chao. Kwa hiyo ukiona vipande vya kahawia vimebanwa ukutani mwa plasta, usivisafishe. Ndiyo mapambo yao.

10. Joto na unyevu viwe kiasi gani?

Joto nyuzi 24 hadi 27. Maabara nyingi huwaweka kwenye 25. Chini ya 20 kwa siku nyingi malkia huacha kutaga. Juu ya 30 chumba hukauka haraka kuliko unavyoweza kunywesha, na mayai ndiyo huharibika kwanza. Ukitumia waya wa kupasha joto, upite *juu* au pembeni mwa kiota, upande mmoja, si chini: joto la chini hufukuza unyevu sakafuni na kuutoneshea kwenye kioo. Hana msimu wa kulala. Usimweke baridini ili apumzike.

Unyevu ndani ya chumba uwe asilimia 70 hadi 80. Uwanja wa kuwindia uwe mkavu zaidi, wenye neli ya maji iliyozibwa kwa pamba. Kipimaunyevu cha bei ndogo hudanganya sana kwenye nafasi finyu, kwa hiyo amini rangi ya plasta na kioo. Ukungu mwembamba wa mvuke kwenye kona asubuhi ni sawa. Matone yanayoning'inia si sawa. Tone moja linatosha kuzamisha rundo la mayai.

11. Atatoroka?

Kwenye kioo au plastiki safi hapandi vizuri, na kuta za wima za sentimita 20 humshinda akiwa mtulivu. Lakini mshono wa gundi, alama za vidole zenye mafuta, au kijiti ulichoegemeza kwa urembo vyote ni ngazi. Kisha kuna kuruka (swali la 2). Mfuniko ni lazima, wenye wavu wa chuma wa matundu yasiyozidi milimita moja. Fungua mfuniko ukiwa umeliweka boksi ndani ya beseni jeupe, uone kila kinachotoka.

## Chakula

12. Anakula nini, na kiasi gani?

Nyenje ndiye chakula cha msingi. Mende wadogo wa kufugwa, buibui, na inzi pia huliwa, na buibui hupendwa kupita kiasi. Kipimo cha windo: nusu ya urefu wa mfanyakazi au chini ya hapo, hasa kundi likiwa changa. Nyenje mkubwa aliyekomaa anaweza kumjeruhi mfanyakazi kwa teke moja, na kundi la wanne likipoteza mmoja limepoteza robo ya nguvu yake.

Malkia anayeanza peke yake: nyenje wa milimita 4 hadi 6, mmoja kila siku mbili au tatu. Kundi la wafanyakazi watano hadi kumi lenye mabuu: nyenje wawili au watatu wa milimita 7 hadi 8, mara tatu kwa wiki. Kuanzia hapo tazama mabuu, usihesabu vichwa. Mabuu wanene wanaong'aa wameshiba. Wakinyauka na kukunjamana ongeza. Wafanyakazi peke yao wanakula kidogo sana, na mfugaji anayelisha kundi lisilo na mabuu kama lenye mabuu analisha ukungu.

13. Lazima windo liwe hai?

Liwe hai au limekufa dakika hiyo. Macho yao hufuata mwendo, na windo lisilosogea linaweza kupitwa mara kumi. Hawalishani kwa kutapishiana kama sisimizi wengi. Windo hupoozwa kwa mwiba, huingizwa chumbani likiwa laini, na mabuu huwekwa juu yake wakala wenyewe. Nyenje aliyegandishwa wiki iliyopita hukauka au huoza kabla mabuu hawajamaliza.

Kwa malkia wa peke yake na kundi chini ya wafanyakazi watano, ponda kichwa cha nyenje kwa kibano na umweke sentimita mbili kutoka mlangoni. Kwa kundi la tano hadi kumi na tano, mwache hai lakini ng'oa miguu mikubwa ya nyuma. Zaidi ya hapo waachie wawinde. Chochote ambacho hakijaguswa kwa saa 24 kitoke.

14. Wanahitaji asali au maji ya sukari?

Wengi hawaigusi. Unaweza kuweka tone dogo mara moja kwa mwezi uone, likibaki, limebaki. Maji safi ndiyo yasikosekane.

15. Naweza kuokota wadudu nje?

Tunashauri usifanye hivyo. Mdudu aliyetembea kwenye bustani iliyopuliziwa dawa haonyeshi dalili yoyote, lakini anaweza kulimaliza kundi kwa mlo mmoja (dalili ziko swali la 22). Fuga nyenje wako mwenyewe, uwape karoti na shayiri. Ukinunua, waweke siku tano kwanza. Wakianza kufa ovyo, usiwatumie.

16. Nasafiri wiki moja. Itakuwaje?

Wakubwa watavumilia, mabuu wakubwa pengine si wote. Siku ya kuondoka nywesha plasta vizuri, badilisha neli ya maji, weka nyenje wawili zaidi walio hai na waliokatwa miguu ya nyuma. Usiweke kumi. Safari ya zaidi ya siku kumi inahitaji mtu wa kuwatazama, na kazi yake ya kwanza iwe maji.

## Malkia na watoto

17. Malkia hatagi, au anakula mayai yake. Kwa nini?

Mara tisa katika kumi anasumbuliwa. Mwanga unaowaka ghafla, mlango unaobamizwa, friji inayonguruma chini ya rafu, spika. Macho makubwa yale yanaona kivuli chako kabla hujafika. Plastiki nyekundu juu ya kioo husaidia kwa mwanga, lakini haizuii mtikisiko. Weka boksi juu ya sifongo nene, kwenye rafu isiyopitiwa, na uchungulie mara moja kwa wiki.

Kama ametulia na bado hatagi, tazama joto (swali la 10), kisha chakula. Malkia aliyekula mayai mara moja baada ya safari si tatizo. Amerudisha akiba yake. Akila mayai kila anapotaga kwa miezi miwili huku mazingira yakiwa sawa, huenda hakupandwa au amezeeka, na hapo hakuna tiba.

18. Yai hadi mfanyakazi ni muda gani?

Takribani miezi mitatu kwenye nyuzi 25. Mayai ni marefu meupe, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuanguliwa, jambo linalowafanya wengi wadhani yamekufa. Yaliyokufa hugeuka manjano au kubonyea, na malkia huyaondoa mwenyewe.

19. Buu amegeuka mweusi. Amekufa kwa nini?

Akiwa mkubwa na tayari kusuka: uwezekano mkubwa ni kukosa chembechembe (swali la 9). Akiwa wa kati na amelegea: chakula kilioza akiwa juu yake, au sakafu imejaa maji. Akiwa mdogo: njaa. Mtoe tu kama wao hawajamtoa baada ya siku mbili; kufunua kiota kwa ajili ya maiti moja kunaweza kugharimu mayai yote.

20. Nimsaidie aliyemo kwenye kifukofuko kutoka?

Usiguse. Wafanyakazi hukikata wenyewe, na malkia wa peke yake anaweza pia. Kifukofuko chenye ncha nyeusi upande mmoja ni kawaida. Ni uchafu aliotoa buu kabla ya kugeuka pupa. Mfanyakazi mpya huwa mwepesi wa rangi na mlegevu kwa siku chache, na hatoki kuwinda mapema.

## Mambo yanapoharibika

21. Kuna ukungu, na kuna vidudu vidogo vinavyotembea. Vyote vibaya?

Tofautisha. Ukungu mweupe kwenye mguu wa nyenje ni wa kutoa kwa kibano, basi. Ukungu unaotambaa kwenye plasta yenyewe unakuambia unanywesha kupita kiasi. Acha kunywesha kwa siku nne, fungua tundu la hewa, na punguza chakula. Usitie dawa yoyote.

Vidudu vyeupe virefu kidogo vinavyorukaruka ukivigusa ni kolembola, na ni rafiki: wanakula ukungu na mabaki. Wengine huwatia makusudi, ishirini au thelathini kwenye upande wenye unyevu. Hata porini, jaa la *H. saltator* lililo chini kabisa ya kiota huwa na mabuu wa inzi wanaolisafisha.

Kidudu cha mviringo, cha kahawia au cheupe, kisichoruka, kilichong'ang'ania maungio ya miguu au shingo ya sisimizi, ni utitiri. Wengine hupanda kama abiria tu, lakini wakizidi kumi kwa sisimizi mmoja kundi hudhoofika. Hamishia kundi kiota kipya kikavu kidogo (swali la 23), tupa cha zamani, na ubadilishe chanzo cha nyenje, maana ndiko wanakotoka mara nyingi.

22. Wanatetemeka na kulala chali.

Hiyo ni sumu mpaka ithibitike vinginevyo. Dawa ya mbu ya kupuliza au ya kuchoma iliyotumika hata chumba cha pili inatosha. Vivyo hivyo dawa ya viroboto ya mbwa au paka iliyobaki mikononi. Ondoa chakula chote, peleka boksi kwenye hewa safi, badilisha maji na pamba. Walioanguka kwa kawaida hawainuki. Waliobaki wima baada ya siku mbili wana nafasi nzuri.

Sisimizi mmoja tu akitetemeka na wengine wakiwa sawa, huenda ni uzee au jeraha la nyenje.

23. Nimeunganisha kiota kipya na hawataki kuhama.

Cha kwanza bado kinawafaa, ndiyo maana. Kiache kikauke taratibu, kiondolee kifuniko cha giza, na kile kipya kiwe na unyevu na giza. Baadhi huhama usiku wa kwanza, wengine wiki mbili. Usiwamwage. Kundi la *Harpegnathos* likimwagwa hutawanyika kila mmoja na njia yake, na malkia anaweza kukaa kona ya uwanja siku nzima bila mtu wa kumrudisha.

## Yasiyo ya kila siku

24. Malkia amekufa. Kundi limekwisha?

Kwa *H. saltator*, si lazima. Wafanyakazi wake wana uwezo wa kupandwa na madume waliomo kiotani na kutaga mayai yaliyorutubishwa. Mfanyakazi wa namna hiyo huitwa gamageti. Malkia akitoweka, wafanyakazi wengi huanza kupambana kwa vipapasio: wawili wanasimama ana kwa ana, mmoja anamchapa mwenzake kichwani kwa vipapasio huku akisonga mbele, kisha wanabadilishana. Mashindano haya yanaweza kuendelea hadi siku arobaini. Hawauani, kwa hiyo usiwatenganishe.

Washindi hubadilika mwili. Ovari hukua, umri hurefuka kutoka miezi saba hadi miaka minne hivi, na ubongo hupungua kwa takribani robo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba gamageti akirudishwa kuwa mfanyakazi, ubongo wake hukua tena. Sisimizi huyu ni miongoni mwa wawili wa kwanza kusomwa jenomu yote (jumla ya vinasaba vyao), mwaka 2010, na sababu kubwa ni uwezo huo.

Kazi yako katika kipindi hicho ni chakula na utulivu. Kama hakuna dume kiotani, mayai ya wafanyakazi yatatoa madume tu. Na kama una *H. venator*, usijenge matumaini yako juu ya yanayojulikana kuhusu *H. saltator*.

25. Malkia yupo hai, lakini wafanyakazi wanambana mwenzao chini kwa mataya.

Wanamdhibiti aliyeanza kuota ovari. Humshika kwa saa au siku, naye hurudi kwenye kazi. Ni utaratibu wao wa ndani.

26. Naweza kuweka malkia wawili, au kuunganisha makundi mawili madogo?

Hapana kwa yote mawili. Watapigana, na sisimizi mwenye mwiba wa kupooza nyenje anajua pa kuchoma. Kuhamisha vifukofuko kutoka kundi moja kwenda jingine kumewahi kufaulu kwa baadhi ya wafugaji, lakini ni kamari.

27. Wametokea wenye mabawa.

Weusi wembamba wenye kichwa kidogo na mataya mafupi ni madume. Wenye umbo la wafanyakazi na mabawa ni malkia vijana. Kundi likishazalisha hao limekomaa. Wakiruka ndani ya boksi usiwafungulie dirisha.

28. Siwezi kuendelea kuwafuga. Niwaachie porini?

Usiwaachie, hata kama hali ya hewa unakoishi inaonekana kuwafaa, na hasa kama inawafaa. Mpe mfugaji mwingine mwenye ruhusa, pamoja na kiota chao na maelezo ya ulishaji. Asipopatikana, weka boksi zima kwenye friza kwa saa 48, kisha plasta, udongo na pamba vyote viokwe au vichemshwe kabla ya kutupwa.